Kabla hujaagiza dopelboki yako ya kwanza

Ukiingia kwenye bia za krafti siku hizi, zile za viwanda vidogo, karibu kila mtu atakuanzishia IPA, bia iliyotiwa kwa wingi hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu. Ni chungu, inanukia maembe na maganda ya machungwa, na kwa funda la kwanza tu umeshaielewa. Baada ya hapo utapewa stout, bia nyeusi yenye ladha ya kahawa na chokoleti, nayo haina siri. Ndiyo maana wengi wakifika kwenye laga nzito za Kijerumani, yaani boki na kaka yake dopelboki, wanaguna: "Mbona kama Grand Malt iliyotiwa pombe?" Swali hilo nalisikia sana kaunta ninayohudumia hapa Munich, hasa kwa Watanzania na Wakenya waliofika juzijuzi. Si swali la kijinga. Lakini jibu lake ndilo somo lenyewe, kwa hiyo nalianza nalo.

Kimea, yaani nafaka iliyooteshwa ikakaushwa, si sukari. Ukilishika hilo, mengine yote utayaelewa polepole.

Boki ni laga, sawa na Kilimanjaro au Tusker. Huchachushwa na hamira ya baridi, kwenye nyuzi 8 hadi 12 hivi, kisha hulazwa karibu na nyuzi 0 kwa wiki nyingi, wakati mwingine miezi. Tofauti iko kwenye wingi wa kimea. Wajerumani hupima uzito wa maji ya kimea kabla hamira haijatiwa. Bia ya kawaida huwa na 11 au 12 kwa mia. Boki huanzia 16, na dopelboki, ambayo kwenye chupa utaiona imeandikwa Doppelbock, huanzia 18. Yaani katika kila gramu 100 za maji yale, gramu 18 zimetoka kwenye nafaka. Hamira ikishakula, unabaki na bia ya asilimia 7 au 8 ya kilevi, na huko juu zaidi zipo.

Sasa, hamira nzuri iliyopewa muda hula sehemu kubwa ya ile sukari. Kinachobaki kinanukia mkate uliookwa, na pua ikishanusa mkate inauambia ulimi kwamba kuna utamu. Kwa hiyo kipimo changu kwa mgeni ni kimoja: meza, kisha subiri. Usiseme kitu kwanza. Kama midomo inanata na meno yana utando, umepewa sharubati. Kama ile ladha ya mkate inakaa kisha inaondoka na kuacha kinywa kikavu kidogo, kikitaka funda jingine, hiyo ndiyo dopelboki iliyopikwa na mtu anayejua kazi. Krafti nyingi za nje ya Ujerumani huanguka hapa. Mpishi anataka bia "nzito", anajaza vimea vya karameli, anaharakisha kulaza, anatoa kitu cha kupaka kwenye chapati.

Ladha yenyewe inatoka wapi? Aliyekulia Uchagani anakijua kimea kwa mkono: ulezi uliolowekwa ukaota, ukaanikwa, ukasagwa, ukaingia kwenye mbege. Shayiri nayo hupita njia hiyo hiyo, ila huku inakaushwa kwenye tanuri, na kila daraja la joto linatoa kimea tofauti. Kile kinachobeba boki kinaitwa kimea cha Munich. Hukaushwa kwa joto kali kuliko kile cha bia za rangi nyepesi, lakini hakiunguzwi. Ukisikia kahawa chungu au mkaa kwenye dopelboki, basi mpishi alikuwa anawaza stout.

Halafu kuna upishi. Kimea kilichosagwa huchanganywa na maji ya moto kikawa uji, ili vimeng'enya vyake vigeuze wanga kuwa sukari. Wapishi wa zamani wa Bavaria, jimbo la Munich, hawakuwa na kipimajoto. Walichota sehemu nzito ya uji, wakaichemsha kwenye sufuria ya pembeni, wakairudisha, na joto la uji wote likapanda hatua moja. Wakarudia. Ilikuwa njia ya kupanda ngazi za joto bila kupima, lakini ile sehemu iliyochemka ilikuwa inapata rangi na harufu kama ukoko wa wali. Kwa vimea vya leo njia hiyo si lazima tena, na inakula muda na nishati, hivyo viwanda vingi vimeiacha. Wapishi hubishana kama mnywaji anaweza kuitambua. Mimi nasema kwenye bia nyepesi ni vigumu, kwenye dopelboki utaitambua.

Kuhusu joto la bia, sisi tuna faida. Tumezoea kuulizwa baa: baridi au moto? Hapa jibu ni katikati. Bia iliyotoka kwenye friji ya nyuzi 4 imefungwa; utasikia ubaridi na gesi tu. Itoe, iache kama dakika ishirini, inywe kwenye nyuzi 8 hadi 12. Lakini "ya moto" ya Dar es Salaam, ile iliyokaa kreti mchana kutwa, hapana. Kilevi kitakupanda puani kabla ya mkate.

Sasa tuzungumze majina. Kwa kuanzia nampa mtu Celebrator ya Ayinger, kutoka kijiji cha Aying kusini-mashariki mwa Munich. Chupa yake hutoka na kibeberu cha plastiki nyeupe kinachoning'inia shingoni, na watu wazima huvipigania. Ina asilimia 6.7. Ukiimimina utadhani ni nyeusi. Inua glasi kwenye taa na pembeni utaona wekundu wa rangi ya komamanga. Povu lake si jeupe, ni la rangi ya chai ya maziwa. Nusa kabla halijashuka: ganda la mkate, kisha kwa mbali tunda kavu, kama zabibu au tende. Mwishoni kuna ukavu kidogo unaosafisha kinywa. Mgeni akipita pale kwenye ukavu bila kuusikia, namwambia arudi.

Baada ya hapo jaribu Korbinian ya Weihenstephan, mjini Freising, asilimia 7.4. Salvator ya Paulaner iache iwe ya tatu, ingawa ndiyo mama yao wote. Ina asilimia 7.9, rangi ya shaba iliyokolea, na joto la kilevi utalisikia kifuani. Ukianza nayo utakumbuka nguvu tu.

Historia ya Salvator inafaa kujulikana. Watawa wa Mtakatifu Fransisko wa Paola, ndio Paulaner wenyewe, walikuwa wakipika bia Munich tangu karne ya 17, na bia nzito ilikuwa chakula chao wakati wa Kwaresima, kwa kuwa kinywaji hakikuhesabiwa kuvunja mfungo. Jina Salvator lilizagaa, kila kiwanda kikalitumia, mpaka mwishoni mwa karne ya 19 Paulaner walipolilinda kisheria. Wengine wakabuni majina yanayofanana nalo: Optimator ya Spaten, Maximator ya Augustiner, Triumphator ya Löwenbräu. Ukiona -ator kwenye lebo, umeshajua kilichomo. Mpaka leo msimu wa bia nzito Munich ni Kwaresima, na kwenye kilima cha Nockherberg pipa la Salvator hufunguliwa huku wanasiasa wakikaa mbele na kusutwa jukwaani, nao inabidi wacheke.

Kama bado moyo uko kwenye IPA, pitia maiboki kwanza. Ni boki ya rangi ya dhahabu, ya majira ya kuchipua, na hopsi zake zinasikika zaidi. Hofbräu Maibock ya hapa Munich ina 7.2. Ukipenda kwenda kwenye chimbuko, tafuta za Einbeck, mji wa kaskazini ambao bia yake watawala wa Bavaria waliinunua kwa gharama kubwa, mpaka karne ya 17 wakaamua kumleta mpishi kutoka kulekule, Elias Pichler, aipikie Munich.

Aventinus ya Schneider watu huiweka kundi hili kwa sababu nayo ni nzito na nyeusi-nyeusi. Ni nzuri mno, naipenda, lakini ni ya ngano na hamira yake ni ya joto; ile ndizi na karafuu utakayoisikia haimo kwenye laga. Usijifunzie boki kwayo. Na aisboki, ile inayogandishwa ili barafu itolewe na kilevi kibaki kimekolea, iache kwanza.

Usinywe dopelboki baada ya IPA, ulimi utakuwa umeshachoka na uchungu. Chakula: kitimoto cha kuchoma, chenye ngozi iliyokauka, ndicho mwenzake halisi, na Wabavaria watakuambia hivyohivyo. Pilipili punguza, kilevi huiwasha mara mbili.

Na hesabu ya glasi uifanye mapema. Nusu lita ya Salvator ina karibu mililita 40 za kilevi kitupu; nusu lita ya Tusker, yenye asilimia 4.2, ina 21. Umekunywa mbili ukadhani moja, na kwa kuwa laga iliyolazwa vizuri haichomi kooni, mwili hautakuonya. Hapa kwetu wengi wanarudi kwa treni, jambo la heri.

Ukinunua dukani, angalia tarehe. Watu hudhani bia yenye nguvu haiharibiki, wauzaji nao huiacha rafu ya dirishani miezi. Ikinukia boksi lililolowa maji, imezeeka. Harufu ya siagi maana yake iliharakishwa. Mahindi ya kuchemsha ni kosa la upishi. Irudishe bila aibu. Chupa za kahawia zichague kuliko za kijani, kwa sababu mwanga hupenya kijani na kuharibu hopsi.

Walio nyumbani huulizana watazipata wapi bila kupanda ndege ya Ulaya. Zinazoagizwa huja kwa bahati na kwa bei. Ila Namibia, ambako upishi wa Kijerumani ulibaki, hupikwa Urbock ya kipupwe, boki kamili ya asilimia 7. Ukiwa na mtu anayetoka Windhoek majira hayo, mwambie aache nafasi kwenye begi.