Kuhusu kusimulia mambo ya nyumbani na ya safari tunapofundisha Neno: jibu langu kwa mwenye uzi

Dada uliyeanzisha uzi huu, umeeleza kwamba unafundisha vijana katika kanisa moja huku Embakasi, kwamba gari lenu lilichemka karibu na Mtito Andei mlipokuwa mkienda Mombasa likizoni, kwamba mtu msiyemjua aliwasaidia akakataa malipo, na kwamba ulipoisimulia safari hiyo ili kuueleza mfano wa Msamaria mwema, mzee mmoja wa kanisa alikwambia kuwa madhabahu si mahali pa kusimulia likizo. Unauliza kama ana haki. Nimefundisha shule ya Jumapili, na baadaye kikundi cha nyumbani mtaani Umoja, kwa miaka 18, na katika miaka hiyo nimesimulia hadithi za familia yangu vizuri mara chache na vibaya mara nyingi, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu.

Mzee huyo ana haki nusu. Nusu asiyokuwa nayo ni rahisi kuionyesha, kwa maana Kumbukumbu la Torati 6:7 linawaagiza wazazi kuyanena maneno ya Mungu “uketipo katika nyumba yako, na utembeapo njiani,” na sioni jinsi mtu anavyoweza kulitii agizo hilo pasipo nyumba na njia yenyewe kuingia katika mafundisho. Bwana Yesu naye alifundisha kwa chachu, taa, wavu, na baba mwenye wana wawili wasioelewana. Lakini yako mambo mawili ambayo sisi walimu huyachanganya, na hapo ndipo mzee anapokuwa na haki yake. Yesu alitoa mifano. Hakusimulia alivyosafiri na alivyokula. Mtu anaposimulia yaliyompata yeye mwenyewe, anachotoa ni ushuhuda, na ushuhuda una masharti makali kuliko mfano. Mfano unaweza kuutunga utakavyo, bora msikilizaji ajue kuwa ni mfano. Katika ushuhuda huna ruhusa ya kuongeza hata kikombe kimoja cha chai ambacho hakikunywewa.

Mama yangu alikuwa miongoni mwa ndugu wa uamsho, ule uliotokea Rwanda miaka ya 1930 ukafika Kenya kabla ya muongo huo kuisha. Katika mikutano yao niliyohudhuria utotoni, nikiwa nimebanwa kati ya akina mama kwenye benchi, ushuhuda ulikuwa karibu wakati wote ni jambo la nyumbani: mtu amemjibu mumewe vibaya kwa sababu ya maziwa, mwingine amemficha shemeji yake debe la mahindi. Kila aliyesimama alianza na kosa lake mwenyewe, wala hakuna aliyesimama kueleza jinsi alivyokuwa mwema. Nilipoanza kufundisha nilikuwa nimekwisha kulisahau jambo hilo, na hadithi zangu zote za kwanza zilikuwa na shujaa mmoja. Huhitaji kuambiwa ni nani.

Mfano wa kwanza ni wa Likoni. Mwaka mmoja tulikwenda Pwani kwa treni, na siku ya pili tukatoka kisiwani kuvuka feri ili tupande matatu ya Ukunda. Umati ulikuwa mkubwa kama kawaida. Mimi nilibeba mizigo, mke wangu akambeba mdogo, na yule mkubwa, aliyekuwa na miaka saba, nilijua yuko na mama yake, naye mama yake alijua yuko na mimi. Tulitambua kuwa hayupo tulipokuwa tayari tumeshuka upande wa pili. Nilirudi na feri iliyofuata, na ingawa maji yale huvukwa kwa dakika chache, sijawahi kusafiri safari ndefu kama ile. Nilimkuta ameketi kando ya mama mmoja muuza viazi karai, anakula, naye alinitazama kwa mshangao kana kwamba mimi ndiye niliyepotea.

Niliporudi Nairobi niliisimulia kwenye kikundi kwa kutumia Luka 15: mchungaji anayewaacha kondoo tisini na tisa nyikani amtafute mmoja. Watu walifuta machozi. Tulipofika nyumbani mke wangu alinyamaza mpaka watoto wakalala, kisha akaniuliza, “Baba Musa, tangu lini wewe ukawa mchungaji? Si wewe na mimi ndio tuliompoteza?”

Swali hilo lilinifundisha kuliko semina yoyote. Kwanza, nilikuwa nimejipa nafasi ya Mungu katika hadithi, na hilo ndilo kosa kubwa la hadithi zetu za malezi, kwamba mzazi huwa Mungu na mtoto huwa mwenye dhambi, hata siku ambayo mambo yalikuwa kinyume. Pili, nilikuwa nimeiacha sehemu ya Maandiko iliyofanana kabisa na yaliyotupata, ambayo ni Luka 2. Pale Yusufu na Mariamu wanatoka Yerusalemu baada ya Pasaka wakidhani kijana wao wa miaka 12 yumo katika msafara, na wanatembea mwendo wa kutwa nzima kabla ya kuanza kumtafuta kwa jamaa zao. Niliisimulia tena baada ya mwaka mmoja, safari hii nikieleza jinsi watu wawili wanaopendana wanavyoweza kwenda mbali kwa kudhani, na jinsi hata mimi nilivyowahi kupitisha miezi kadhaa nikidhani kuwa Kristo yumo katika msafara wa nyumba yangu kwa sababu tu mke wangu alikuwa akiomba. Hakuna aliyelia, lakini wanaume wawili walibaki baada ya kikao wakitaka kuzungumza.

Naongeza tahadhari moja hapo hapo, kwa sababu hadithi yenye mfanano mzuri ina hatari yake. Katika Luka 2 mtoto hakupotea. Alijua alipo, na shabaha ya sura ile ni jibu lake kuhusu Baba yake, wala si uzembe wa wazazi. Kwa hiyo nilikopa neno moja tu, lile la kudhani, nikawaambia wasikilizaji waziwazi kuwa nimekopa hilo tu. Ukiiacha hadithi ya likizo iamue maana ya andiko, mzee wako wa kanisa atakuwa na haki yote.

Kuhusu likizo kuna jambo jingine ambalo watu wa Nairobi wenye magari hulisahau. Siku moja nilikuwa nimetoa mifano mitatu mfululizo ya baharini, mama mmoja wa kikundi akaniambia kwa upole kwamba yeye hajawahi kuiona bahari na kwamba kila nilipoitaja alihisi anasomewa barua ya mtu mwingine. Tangu siku hiyo hadithi za hoteli na ufuo nazitumia kwa nadra. Likizo ambayo karibu kila mtu wa mji huu anaijua ni ya Desemba, ya kwenda mashambani, nauli ikiwa imepanda, magunia juu ya basi, na watoto wakitapika njiani.

Hadithi niliyoitumia mara nyingi zaidi, na ambayo sijachoka nayo, ni ya Desemba ya namna hiyo. Nilikuwa nimepata kazi yangu ya kwanza hapa Nairobi na nikaenda Kakamega kumwona nyanya nikiwa na viatu vya kupigwa rangi. Siku mbili niliketi kwenye kiti kizuri, nikachinjiwa kuku, nikaletewa maji ya moto ya kuoga. Siku ya tatu alfajiri nyanya aligonga mlango akanipa jembe, akanionyesha kipande cha shamba nyuma ya jiko. Niliona uchungu. Nikajifanya natania, nikamwambia kumbe ile methali ni ya kweli, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nyanya hakucheka. Alisema kwa lugha yetu, “Mgeni hupewa kiti. Jembe hupewa mwenye boma.”

Nililima kile kipande chote, na malengelenge yalikaa mikononi wiki nzima.

Kwa miaka mingi nilikuwa nimepata shida kuwaeleza vijana uhusiano wa neema na matendo. Ukisema wokovu ni bure, wanauliza kwa nini basi wanaitwa Jumamosi kusafisha kanisa. Ukisema ni lazima watende, wanadhani wanalipa deni. Efeso 2 inayaweka yote mawili katika sura moja: mstari wa 8 na wa 9 unasema tumeokolewa kwa neema, wala si kwa matendo, na wa 10 unasema tuliumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema. Kisha mstari wa 19 unasema, “Basi tangu sasa ninyi si wageni wala wapitaji, bali ninyi ni wenyeji pamoja na watakatifu, watu wa nyumbani mwake Mungu.” Nilipolisimulia jembe la nyanya kabla ya kuusoma mstari huo, sikuhitaji kueleza chochote. Kijana mmoja aliyekuwa akilalamika kila Jumamosi aliuliza tu, “Kwa hiyo kupewa fagio si adhabu?” Ningeongeza neno ningeharibu.

Angalia pia kwamba katika hadithi hiyo mimi ndiye mwenye uchungu na viatu vya kung'aa, na mwenye hekima ni bibi asiyesoma. Sikuipanga hivyo, ndivyo ilivyokuwa. Lakini niseme ukweli, ningeweza kuisahau sehemu ya uchungu, na bila sehemu hiyo hadithi haina kitu.

Wakati mwingine hadithi bora haiko kwa mwalimu. Biblia ya Muungano ya 1952, ambayo wengi wetu tunaisoma, inasema katika Luka 15 kuwa mwanamke mwenye shilingi kumi alipotewa na moja, akawasha taa, akafagia nyumba, na alipoiona akawaita rafiki na majirani wafurahi pamoja naye. Watoto wangu wa shule ya Jumapili walicheka: shilingi moja haitoshi hata peremende, na huyu anaita majirani! Niliwaeleza kuwa katika Kigiriki ni drakma, ambayo ilikaribia ujira wa siku nzima wa kibarua, lakini maelezo hayo yalipita juu ya vichwa vyao. Ndipo msaidizi wangu, ambaye mumewe hufanya kazi ya mjengo, akasimulia jioni ambayo mumewe alirudi na mfuko uliotoboka, pesa za siku zimedondoka, na unga wa kesho haupo. Walirudi wote wawili na tochi ya simu wakipekua njia nzima kutoka stejini. Walizipata karibu na kioski, na aliyekuwa wa kwanza kupiga kelele za furaha alikuwa mwenye kioski. Watoto walielewa, nami nilijifunza kuuliza kabla ya kusimulia, “Nani hapa amewahi kupoteza pesa ya chakula?”

Kuhusu ruhusa nitasema kwa ufupi, kwa sababu bado inaniuma. Niliwahi kumtaja binti yangu kwa jambo la usiku ambalo watoto wadogo hupitia, ili kueleza subira ya Mungu. Kanisa lilicheka kwa upendo. Yeye alikuwa na miaka tisa, ameketi na rafiki zake, na kwa miezi miwili hakutaka kuja kanisani. Niliomba radhi mbele ya watu wale wale, lakini jambo likishasemwa limesemwa. Sasa simtaji mtoto wala mke wangu kabla ya kumuuliza, na akisita hata kidogo naiacha, hata kama ni hadithi nzuri kiasi gani.

Sasa nirudi Mtito Andei. Umesema mtu yule alikuwa mwema, na ndipo naona tatizo la somo lako, wala si kwa sababu lilikuwa la likizo. Mfano wa Luka 10 haukuwashangaza wasikilizaji kwa sababu mtu alisaidiwa. Uliwashangaza kwa sababu aliyesaidia, akatoa dinari mbili na kuahidi kulipa zaidi, alikuwa Msamaria, mtu ambaye Wayahudi hawakuchangamana naye, huku kuhani na Mlawi wakipita kando. Ukisema tu kwamba mgeni alikuwa mkarimu, vijana watakubali na kusahau kabla ya chai. Nathani alipomwendea Daudi katika 2 Samweli 12 na hadithi ya kondoo mdogo mmoja wa maskini, hadithi ilifanya kazi kwa sababu Daudi alikasirika kwanza, kisha akasikia, “Wewe ndiwe mtu huyo.”

Kwa hiyo nakuomba ukumbuke dakika ile kabla ya msaada. Gari limesimama, moshi unatoka, watoto wako ndani, na mtu msiyemjua anakuja kwa miguu kutoka upande wa pili wa barabara. Ulimdhania nini? Uliangalia mavazi yake, uliisikiliza lafudhi yake ukaanza kukisia kabila lake, ulimwambia mumeo nini kwa sauti ya chini? Katika maelezo yako umeandika kwamba alilazimika kugonga kioo. Kama vioo mlivifunga mlipomwona anakaribia, omba ruhusa ya mumeo, kisha Jumapili ijayo anzia hapo.