Kompyuta usizozijua kwenye mtandao wa ofisi: jinsi ninavyozisaka mpaka mezani

Mkuu, nimekuelewa. Umekabidhiwa mtandao wa ofisi yenye kompyuta kama arobaini, aliyekuwepo kaondoka bila kuacha mchoro wala orodha, kila asubuhi wawili watatu wanalalamika hawana intaneti, na ukifungua ruta unakuta vifaa ambavyo hakuna anayevijua. Wadau waliotangulia wamekutajia programu za kuskani. Programu ni nzuri na nitazigusa, lakini kwa uzoefu wangu wa kuhudumia ofisi za aina hiyo, kuskani ndiyo sehemu nyepesi. Kazi yenyewe ni kukifikia kila kifaa, ujue kimechomekwa wapi na nani anakitumia. Kifaa ulichokiandika IP (anwani yake ya mtandao) tu kwenye karatasi bado hujakipata.

Kabla ya chochote, omba ruhusa ya maandishi kwa bosi, hata barua pepe ya mistari miwili inatosha. Tanzania tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, Kenya wana yao ya 2018, na zote zinagusa kuingia kwenye mifumo bila idhini. Hutaki siku moja uanze kubishana kama mashine ya mkurugenzi ilikuwa ndani ya kazi yako au la.

Sasa anza na wanaolalamika. Mkute mmoja wao tatizo likiwa bado lipo, mwambie asizime mashine, fungua cmd (dirisha la amri la Windows) uandike:

ipconfig /all

Soma mistari ya IPv4 Address (anwani ya kompyuta), Default Gateway (lango la kutokea) na DHCP Server (kifaa kinachogawa anwani). Hiyo mitatu itakuambia uelekee wapi.

Ukikuta anwani inayoanza na 169.254, Windows iliomba anwani ikakosa wa kuijibu, ikajipa yenyewe. Kagua kebo, kagua poti ya swichi (kisanduku kinachounganisha kebo za mtandao), kagua kama DHCP imeishiwa anwani. Kwetu huku kuna sababu nyingine ya kila siku: umeme. Ukikatika na kurudi, kompyuta zinawaka haraka kuliko ruta, zinaomba anwani wakati ruta bado haijawa tayari. Windows huendelea kuomba kila baada ya dakika 5 hivi, kwa hiyo nyingi hujirekebisha zenyewe, ila mtumiaji keshakupigia simu. Weka ruta na swichi kuu kwenye UPS.

Ukikuta anwani ya mtandao ambao si wenu, hapo tulia, maana umeshika kitu. Ofisi moja ya wahasibu niliyoihudumia ilitumia 192.168.10.0. Kwenye mashine mojawapo nikakuta 192.168.0.103, lango la kutokea 192.168.0.1, na DHCP Server naye ni 192.168.0.1. Mashine haikuwa na kosa lolote. Ndani ya jengo kulikuwa na ruta nyingine inayogawa anwani zake. Mtu analeta ruta ndogo ya nyumbani apate Wi-Fi karibu na meza yake, anachomeka kebo ya ofisi kwenye poti ya LAN (ya vifaa vya ndani) badala ya WAN (ya kuingizia intaneti), na kuanzia hapo ile ruta inajibu maombi ya DHCP ya ofisi nzima.

Kwa nini basi wasiumie wote? Kompyuta inayojiunga upya huuliza hadharani nani ataipa anwani, na kwa kawaida humkubali anayewahi kujibu. Ruta ndogo inaweza kuwahi, kwa sababu baadhi ya seva za DHCP huijaribu kwanza anwani kwa ping (kuiita kuona kama kuna anayejibu), kuhakikisha haitumiki, kabla ya kuitoa. Lakini mashine ambayo tayari ina anwani, muda wa anwani hiyo ukifika nusu huiendea seva yake ileile moja kwa moja na kuongezewa, kwa hiyo haiguswi. Wanaonaswa ni waliozima na kuwasha, na wenye laptopu zinazotoka na kurudi. Ndiyo maana tatizo linahamahama, na ndiyo maana mafundi huhangaika kubadilisha kebo ambazo ni nzima kabisa.

Kuisaka ni hivi. Kwenye mashine ileile iliyonaswa andika arp -a, utaiona MAC (namba ya kipekee ya kifaa chenyewe) ya 192.168.0.1. Ingia nayo kwenye swichi. Kwenye Cisco amri ni show mac address-table, kwenye MikroTik ni /interface bridge host print. Swichi itakuonyesha MAC hiyo inatokea poti gani. Kama poti hiyo inaenda kwenye swichi nyingine, ingia huko urudie, mpaka ufike kwenye poti ambayo waya wake unaingia ukutani. Pale kwa wahasibu waya uliishia chumba cha masijala, nyuma ya kabati la mafaili: ruta nyeupe iliyojaa vumbi, kebo ya ofisi kwenye poti ya LAN namba 2, poti ya WAN pembeni yake iko tupu, na adapta imechomekwa kwenye ekstensheni moja na birika la chai. Usishtuke MAC ya kwenye stika ikipishana tarakimu ya mwisho na uliyoiandika. Ruta nyingi zina MAC kadhaa zinazofuatana.

Kama swichi zenu ni zile za bei nafuu zisizo na pa kuingia, bado inawezekana. Chomeka laptopu yako kwenye swichi hiyo, ipe kwa mkono 192.168.0.50, anzisha ping -t 192.168.0.1. Kisha saa ya chakula cha mchana, ukishawatangazia watu wahifadhi kazi zao, chomoa nusu ya kebo. Ping ikikatika, mgeni yuko kwenye nusu uliyochomoa. Isipokatika, yuko kwenye nusu iliyobaki. Endelea kugawa nusu kwa nusu. Swichi ya poti 24 haizidi hatua tano. Na kila kebo unayoishika ibandike lebo hapohapo, kwa sababu hutapata nafasi nyingine kama hiyo.

Halafu kuna mashine ambazo anwani yake inaonekana sahihi lakini iliandikwa kwa mkono zamani, na hizi ndizo zinazochosha. Nimekuta maski (namba inayoiambia kompyuta mtandao wake unaishia wapi) ya 255.255.255.128 kwenye ofisi inayotumia 255.255.255.0: mtu anaiona seva yenye anwani inayoishia .10 vizuri, ila printa inayoishia .200 inagoma au inafanya kwa kubahatisha, kwa sababu kompyuta inadhani printa iko mtandao mwingine na inampelekea ruta kila kitu. Nyingine ni DNS, seva inayogeuza majina kuwa anwani. Mtu kaandika 8.8.8.8 (DNS ya Google) ili intaneti iwe haraka, na kweli mtandaoni anaingia, lakini folda za seva ya ofisi hazionekani na kuingia kwenye domeini (mfumo wa Windows wa akaunti za ofisi) kunagoma, kwa kuwa DNS ya nje haiwezi kujua jina la seva yenu ya ndani. Angalia na saa ya kompyuta. Domeini ya Windows kwa kawaida haivumilii tofauti inayozidi dakika 5, na mashine za zamani ambazo betri ya CMOS imekufa hurudi miaka nyuma kila umeme ukikatika.

Baada ya kuzima moto huo ndipo utengeneze orodha kamili. Ukiwa ndani ya mtandao, tumia programu ya kuskani iitwayo nmap (badala ya 192.168.10.0 weka mtandao wenu):

sudo nmap -sn 192.168.10.0/24

Ukiiendesha kwa haki za msimamizi, nmap hutumia ARP (swali la "nani mwenye anwani hii?") kwenye mtandao wa ndani. Kompyuta yenye Windows Defender Firewall inaweza kuikalia kimya ping, lakini ARP haina budi kuijibu, la sivyo haitawasiliana na yeyote. Rudia asubuhi, mchana na jioni, siku tofauti, kwa sababu kuna laptopu zinazoonekana Jumatatu tu. Kama mna VLAN (mitandao iliyotenganishwa ndani ya swichi zilezile), fanya kila moja peke yake.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hawalifanyi. Skani inaona vifaa vilivyo kwenye safu ya anwani uliyoitaja tu. Jedwali la MAC la swichi linaona chochote kilichotuma hata kifurushi kimoja, kiwe na IP sahihi, mbovu au kisiwe nayo kabisa. Chukua orodha zote mbili kwa wakati mmoja, ziweke kwenye Excel, zilinganishe. MAC iliyopo kwenye swichi lakini haipo kwenye skani ndiyo unayoitafuta: ama imepangwa vibaya, ama inatumia mtandao wake yenyewe. Fanya haraka, kwani kwa mpangilio wa kawaida swichi za Cisco huisahau MAC baada ya sekunde 300 za ukimya. Na poti ya kawaida ya ukutani ikionyesha MAC nyingi, nyuma yake kuna swichi au access point (kifaa cha kurusha Wi-Fi) iliyochomekwa na mtu.

Tarakimu sita za mwanzo za MAC hukuambia mtengenezaji, kwa sababu shirika la viwango la IEEE ndilo linalozigawa kwa makampuni. Ila tarakimu ya pili ikiwa 2, 6, A au E, mara nyingi hiyo ni MAC ya kujitungia. Simu za Android kuanzia toleo la 10 na iPhone kuanzia iOS 14 hufanya hivyo kwenye Wi-Fi, usipoteze muda kutafuta kampuni yake. Simu zihamishie mtandao wa wageni, zisikae na kompyuta za kazi.

Usitegemee kukuta mdukuzi kila mahali. Vinavyobaki bila mwenyewe mara nyingi ni mashine ya EFD (ya kutolea risiti), mashine ya alama za vidole, DVR ya kamera na TV ya chumba cha mikutano. DVR iangalie vizuri, maana mafundi wa kamera hupenda kuipa anwani ya mkono katikati ya safu ya DHCP, na siku kompyuta ikipewa anwani hiyohiyo zote mbili zinasuasua. Kinachonipa wasiwasi zaidi ni kompyuta ya Windows 7 iliyoachwa pembeni kwa ajili ya programu moja ya zamani. Msaada wake uliisha tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 nayo ilifuata tarehe 14 Oktoba 2025. Kirusi cha WannaCry cha Mei 2017 kilipita kwenye SMB (njia ya Windows ya kushirikishana mafaili) ya toleo la 1 wakati kiraka kilikuwa kimetoka tangu Machi. Kama huwezi kuiondoa, itenge kwenye VLAN isiyo na intaneti.

Kufunga mlango: kwenye swichi zenye DHCP snooping, ruhusu majibu ya DHCP kutoka poti ya seva yako tu. Kwenye MikroTik washa /ip dhcp-server alert ikujulishe seva ngeni ikijitokeza. Ila ukitaka kuzuia anwani za mkono kwa kuweka arp=reply-only (ruta iwasiliane na walioorodheshwa tu), orodha yako iwe kamili kwanza, la sivyo printa zote zitakosa njia ya kutoka siku hiyohiyo.

Na watu, mkuu, watu. Yule wa masijala hakuwa na nia mbaya. Wi-Fi ya ofisi haikufika chumbani kwake na alishaomba bila kujibiwa. Alipofungiwa access point ya ofisi aliitoa ruta yake mwenyewe, kisha akanionyesha na nyingine iliyokuwa chumba cha jirani. Ukianza kwa kufoka na kutisha watu kwa barua za onyo, hizo ruta zitafichwa mahali ambapo utazitafuta mpaka uchoke.

Weka hapa majibu ya ipconfig /all ya mmoja wa wanaolalamika, pamoja na aina ya swichi na ruta mnazotumia. Ficha jina la kompyuta na tarakimu sita za mwisho za MAC. Tutaanzia hapo.