Kompyuta haina kosa, mpiga rithim alipwe

Mhariri, wiki hii mmetuuliza kama kompyuta imeua muziki wa bendi. Swali limenigusa penyewe, maana mjomba wangu alikuwa mpiga gitaa la rithim wa dansi, na siku aliyoitwa studio na prodyuza mmoja kijana pale Kinondoni nilimsindikiza.

Alikaza nyuzi, akasikilizishwa biti, akaanza. Mizunguko michache tu, kijana akamkatiza: "Inatosha mzee, nimeshaipata." Kwenye kioo cha kompyuta kazi yake ilikuwa kijimstari kifupi cha kijani. Kijana akakinakili, akakibandika, akakibandika tena, kikajaa wimbo mzima. Mjomba akauliza, "Na chemko je?" Kwa watu wa bendi za Sikinde na Msondo, kisa huimbwa polepole kwanza, kisha magitaa huchachamaa, rithim hubadilika, na ukumbi mzima husimama; hilo ndilo chemko. Kijana akamjibu kwa adabu kabisa kwamba redio haisubiri dakika saba. Mjomba akapewa nauli na sahani ya chakula. Wimbo ukavuma mjini, hela nyingine hakuiona.

Tangu siku ile niliichukia kompyuta. Lakini kukata wimbo hakukuanza na kompyuta: hata santuri za zamani zilikuwa zikiukata wimbo mrefu katikati, ukageuza upande ndipo ulipate chemko. Na vyombo vya Msondo vilikuwa vya mwajiri, chama cha wafanyakazi NUTA na baadaye JUWATA. Ukihama, kama mwimbaji Gurumo alivyohamia Mlimani Park, ndiyo Sikinde, mwaka 1978, vyombo unaviacha. Vijana wa Manzese na Mburahati, Dar es Salaam, hawakuwa na shirika la kuwanunulia magitaa. Kwa kompyuta hizohizo walichukua vipande vya taarabu, wakavikimbiza hadi mapigo 200 na ushei kwa dakika, singeli ikapatikana. Na singeli ni nini kama si chemko tangu mwanzo hadi mwisho?

Kwa hiyo siwezi kusema kompyuta imeua kitu. Ninachodai ni malipo. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inamtambua mpigaji, si mtunzi peke yake. Basi makubaliano yaandikwe na kusainiwa kabla waya wa gitaa haujachomekwa, na kipande kikirudiwa wimbo mzima, aliyekipiga alipwe wimbo mzima. Najua studio nyingi za mtaani hazina uwezo huo, hata prodyuza mwenyewe hulala njaa. Hao waandikishiane mgawo, hela ikija wagawane. Na redio zetu, walau kwenye vipindi vya zilipendwa, zisiukate wimbo kabla ya chemko.