Niuze D90 ya mjomba ninunue kamera ya kuvuta mbali?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 25, naishi Karatu. Nimemaliza mafunzo ya kuongoza watalii na sasa natoka na madereva wazoefu kujifunza kazi, mara nyingi kreta ya Ngorongoro na Manyara. Mwisho wa wiki napiga picha za kipaimara, sendofu na harusi, na hizo ndizo zinazonipa hela ya kula. Kamera yangu ni Nikon D90 aliyoniachia mjomba, pamoja na lenzi mbili, 18-105 na 70-300. Sasa kuna dereva mwenzetu anauza Nikon Coolpix P900 kwa 900,000. Nimeishika. Inavuta mpaka unahesabu kope za simba! Mimi nina laki nne tu, lakini nikiuza D90 na lenzi zake zote nafikisha. Wenzangu wanasema D90 imepitwa na wakati, megapikseli 12, wakati P900 ina 16. Niuze?
Msomaji wa Karatu

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana D90 ndiyo iliyonilisha hata mimi. Nilinunua yangu 2010 na nikafanya nayo kazi miaka saba hapa studio Moshi. P900 sijawahi kumiliki, ila niliwahi kuiazima kwa rafiki nikashuka nayo kreta siku mbili mfululizo, huku D90 yenye 70-300 ikiwa mapajani. Kwa hiyo nakujibu kwa nilichokiona.

Hiyo hesabu ya megapikseli wanayokupigia wenzako iweke pembeni kwanza. Ndani ya kila kamera kuna sensa, ile sehemu inayopokea mwanga badala ya filamu. Ya D90 ina upana wa karibu milimita 24 na kimo cha 16, kama stempu ya barua. Ya P900 ni kama milimita 6 kwa 4.5, ndogo kuliko punje ya hindi. Eneo la ile ya kwanza ni mara kumi na tatu ya hii ya pili. Sasa pikseli milioni 16 zimebanana kwenye punje ya hindi, na pikseli milioni 12 zimetandazwa kwenye stempu. Mchana wa jua kali huoni tofauti kubwa. Mwanga ukipungua, unaiona.

Lakini nisiionee P900, kwa sababu ina jambo moja ambalo D90 yako haitaliweza kamwe. Asubuhi ya kwanza tulimwona faru mweusi mbali, ng'ambo ya uwanda, na unajua kreta huruhusiwi kutoka barabarani kumfuata. Nilipiga kwa D90, lenzi ikiwa kwenye milimita 300, mwisho wake wa kuvuta. Kwa sensa ile, 300 inaona kama 450 ya kamera ya filamu. Faru alitokea, lakini alikuwa doa jeusi kwenye majani. P900 inavuta hadi sawa na milimita 2000. Niliilaza juu ya mfuko wa maharage kwenye ukingo wa paa la gari, nikashusha pumzi, nikabonyeza. Pembe zote mbili zilionekana, tope lililokaukia ubavuni lilionekana, na juu ya mgongo alikaa yule ndege anayekula kupe, mdomo wake mwekundu. Nilipofika nyumbani nikajaribu kuikata picha ya D90 ili faru awe na ukubwa uleule. Kati ya megapikseli 12 ilibaki 0.6. Huwezi kuichapa picha hiyo hata ukubwa wa kadi ya posta ikatazamika.

Kwa mtu anayejifunza kuongoza wageni, jambo hilo ni kubwa sana. Mgeni anakuuliza yule ndege juu ya mti ni nani, ninyi nyote mnaona kivuli tu. Unavuta, unapiga, unamgeuzia kioo. Kioo chenyewe kinafunguka na kuzunguka, hata aliyekaa nyuma anaona. Ukivuta sana utampoteza ndege kwenye fremu, kila mtu humpoteza. Basi pembeni ya lenzi kuna kitufe: kishikilie, kamera inarudi nyuma kidogo na kukuonyesha ulikokuwa umeelekeza, kiachie, inarudi pale pale. Kitufe hicho wengi wanaouza hawajui hata kama kipo.

Saa tano mambo yakabadilika. Jua likishapasha ule uwanda, hewa juu ya ardhi inaanza kucheza. Ukivuta kwa 2000 unaona pundamilia wanayeyuka miguu, mazigazi matupu. Nilipiga picha arobaini za ndege mmoja, tandawala, hakuna hata moja iliyo kali. Hilo si kosa la kamera, na hakuna kamera ya kulitibu. Ina maana uwezo wa P900 unaoulipia zaidi unautumia asubuhi na siku za mawingu. Adhuhuri uhifadhi nusu ya zumu yako.

Jioni ndipo nilipoona upande wa pili. Simba jike alikuja kulala karibu na gari, jua limeshazama nyuma ya ukingo wa kreta, mwanga wa buluu. Karibu kiasi kwamba hakuna haja ya kuvuta. P900 ilipandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 1600 yenyewe. Picha kwenye kioo cha kamera ilipendeza. Kwenye kompyuta, manyoya ya shingo yalikuwa kama blanketi lililofuliwa mara mia: rangi ipo, nyuzi hakuna. Kamera imesafisha chenga, zile nukta zinazojaa kwenye picha mwanga ukiwa mdogo, na nywele zikaondoka nazo. Na kwa kuwa P900 inatoa JPEG tu, picha iliyokwisha kupikwa na kamera, haitoi faili ghafi, yaani kila kilichopokelewa na sensa kabla ya kupikwa, huna pa kurudi. Picha ya D90 ya dakika ileile ilikuwa na chenga, siwezi kukuficha, lakini nilifungua faili ghafi, nikainua vivuli taratibu, na kila unywele ulikuwa mahali pake. Kamera ya 2008 dhidi ya kamera ya 2015, na ya zamani ikashinda saa ile ambayo wanyama wanapendeza kuliko zote.

Ndege wakiruka nako D90 inashinda. Heroe wa Manyara wanaponyanyuka pamoja huna sekunde mbili. Kwenye D90 unaangalia moja kwa moja kupitia lenzi, unachoona ndicho kinachotokea, na fokasi inashika haraka. P900 inakuonyesha kwenye kioo kidogo cha umeme kinachochelewa kidogo, inapiga picha saba kwa mkupuo mmoja wa sekunde, kisha inasimama kuziandika kwenye kadi huku heroe wanakwenda zao.

Sasa twende kwenye hela ya kula, maana hapo ndipo jibu langu lilipo. P900 haina mahali pa kuchomekea flashi ya nje. Haina kabisa. Wameongeza kwenye P950 ya 2020. Fikiria sendofu ukumbini Karatu saa tatu usiku, taa za rangi zinazunguka, bibi harusi mtarajiwa anaingia anacheza na mashangazi zake, MC anapiga kelele. Utabaki na kile kiflashi cha juu ya kamera, kinachopiga uso ukang'aa kama umepakwa mafuta na kuacha ukuta wa nyuma giza. Kwenye D90 unachomeka flashi, unaielekeza kwenye dari nyeupe, mwanga unashuka laini kwa familia nzima. Mteja hajui lolote kuhusu sensa. Anajua tu kwamba mama yake kwenye picha anafanana na mama yake.

Kwa hiyo D90 usiuze. Ukiiuza utakuwa na picha ya faru na hutakuwa na kazi ya Jumamosi.

Ningekuwa wewe ningefanya hivi. Uza 70-300 peke yake, kwa sababu ukiwa na P900 hiyo lenzi itakaa begini. Utapoteza ndege wanaoruka, ni kweli, na itauma kidogo. Simba wa jioni utampata kwa 18-105, wale wa kreta wanakuja wenyewe kulala kwenye kivuli cha gari. Bei ya hiyo lenzi ongeza kwenye laki nne zako, nenda kwa dereva mwenzako, mwombe kiasi kilichobaki akipokee kwa awamu baada ya sendofu mbili au tatu. Mnatoka pamoja kazini, anakujua, anaweza kukubali. Akikataa, achana na P900 kwa sasa, tumia sehemu ya laki nne kutafuta 50mm f/1.8 iliyotumika, lenzi isiyovuta lakini yenye tundu pana la kupitisha mwanga. Tafuta ile ya zamani yenye herufi D, ni ya bei nafuu, na D90 yako ina mota ya fokasi ndani ya mwili wake kwa hiyo inaiendesha. Wenye Nikon D3000 au D5000 hawawezi, kwao itabidi wazungushe kwa mkono. Ukumbini lenzi hiyo itakupa mwanga karibu mara nne, hata mara tisa, ya ule wa 18-105 kutegemea umevuta kiasi gani.

Kabla hujatoa hata shilingi, iwashe P900 mahali tulivu, vuta zumu mwanzo hadi mwisho, rudisha, mara tano. Sikiliza. Ukisikia mkwaruzo kama mchanga chini ya kandambili, mrudishie. Bomba la lenzi linapotoka na kuingia linavuta vumbi, na vumbi la barabara zetu unalijua. Kwenye D90 vumbi likiingia wakati wa kubadili lenzi unaliona kama madoa angani, fundi anasafisha sensa yamekwisha. Kwenye P900 huwezi kuifungua, madoa ni yako siku zote. Kwa hiyo elekeza mbinguni ukiwa umevuta, piga, angalia kama kuna vivuli vya mviringo. Uliza pia kama anakupa betri mbili. Betri moja ya P900 inakwenda kama picha 360 tu, ya D90 inafika 850. Uzuri ni kwamba P900 inachaji kwa waya wa USB ndani ya gari.

Na kwa D90 yako: kadi isizidi 32 GB. Ukiweka ya 64 itakugomea, na siku itakapokugomea itakuwa siku ya harusi.

Nilisahau video. D90 ndiyo DSLR, yaani kamera ya dijitali ya kubadili lenzi unayotazama kupitia lenzi yenyewe, ya kwanza duniani kurekodi video, lakini ni dakika tano kwa mpigo na fokasi haijiendeshi ikiwa inarekodi. P900 kwa video iko mbele mno. Tembo wa Manyara wakivuka barabara, tumia hiyo.

SWALI: Mwalimu, naandika kutoka Tanga. DSLR ya marehemu baba imekaa kabatini miaka mitatu kwenye mfuko wake wa ngozi. Nikiielekeza lenzi kwenye mwanga naona kama utando wa buibui kwa ndani. Fundi wa hapa anasema niitupe yote, ninunue hizi mpya za kuvuta mbali zenye lenzi isiyotoka. Ni kweli?
Mama wa watoto wawili

JIBU: Pole sana na msiba wa mzee, mama. Usiitupe.

Huo utando ni kuvu. Inapenda giza, unyevu na hewa iliyotulia, na kabati la pwani lina vyote vitatu. Mfuko wa ngozi nao unanyonya unyevu na kuukumbatia. Ikikaa muda mrefu inakula rangi ya kinga iliyopakwa juu ya kioo, na hapo hata ukisafisha alama inabaki. Lakini iliyougua ni lenzi. Mwili wa kamera huenda ni mzima. Itoe lenzi, azima nyingine ya kampuni hiyohiyo kwa mtu, piga picha kumi mchana. Zikitoka safi, unahitaji lenzi iliyotumika tu.

Ndiyo maana sikubaliani na fundi wako. Kuvu ikiingia kwenye kamera ya lenzi isiyotoka, umepoteza kamera nzima. Na kwa hewa ya Tanga itaingia ukiihifadhi kama mlivyohifadhi hii.

Nunua ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, weka ndani vile vipaketi vya chembe za kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, vingi, si kimoja. Vibadilishe vikishashiba. Mchele haufai, unaacha vumbi. Lenzi yenye kuvu usiiweke humo pamoja na nzima. Na kamera itoeni mpige picha, hata za watoto wakienda shule, ipate hewa na mwanga.

Niandikie jina lililoandikwa mbele ya kamera, na namba iliyo karibu nalo, nikuambie lenzi ipi inaingia.