Miaka 19 nikiwa "yule jamaa": jibu kwa mkuu anayesubiri usteringi

Mkuu, nimeusoma uzi wako mara mbili. Unasema una miaka 7 kwenye uigizaji, umeshakuwa polisi, dereva, daktari, na mjomba mara nne. Usteringi hujawahi kuitwa hata siku moja, na sasa umepewa tena mjomba, mistari minne tu. Unauliza ukatae ili wajue thamani yako, au uachane na hii kazi moja kwa moja. Mimi nina miaka 19 humo humo na usteringi sijauonja. Nimeshakufa mara 11, nimefungisha ndoa za watu mara tatu, na nimewahukumu watu vifungo ambavyo hata sikumbuki vilikuwa vya kesi gani. Nakujibu kwa niliyoyaona.

Tuanze na hiyo thamani. Wewe unaihesabu kwa idadi ya mistari, lakini anayekupigia simu hana hesabu hiyo kichwani. Muvi haishutiwi kwa mfuatano wa hadithi. Sini zote za ofisini zinamalizwa pamoja, za hospitali pamoja, za barabarani pamoja, kwa sababu kuhamisha taa na watu kila saa ni gharama. Steringi yupo karibu siku zote. Wewe unaletwa siku moja au mbili, unawakuta watu wameshazoeana wiki tatu, wana utani wao usioujua, na kabla hujamaliza chai unatakiwa umlilie mtu kama ndugu yako wa tumbo moja. Mimi niliwahi kufa saa tatu asubuhi, kisha mchana ndiyo tukashuti sini ninayokutana na aliyeniua kwa mara ya kwanza. Wanachotaka kwako ni ufike ukiwa umeiva na usiwaharibie siku. Ukikataa mjomba wa mistari minne, hakuna atakayekaa chini kuitafakari thamani yako. Atapigiwa anayefuata kwenye orodha.

Na kufika umeiva siyo kukariri laini tu. Mwaka wangu wa tano niliitwa kuwa mwenye nyumba aliyekuja kudai kodi, anamkuta steringi mezani, anakaribishwa, anakula huku anadai. Mistari sita. Nikaona leo ndiyo leo, niwaonyeshe uhalisia. Teki ya kwanza nikabugia viazi viwili vizima, mafuta yanang'aa kidevuni, nadai kodi mdomo umejaa. Dairekta akacheka mpaka akapiga makofi. Sikujua nimejifunga mwenyewe. Kila kamera ilipohamishwa ilibidi niviume viazi vile vile, kwenye neno lile lile, kwa mkono ule ule. Dada wa mwendelezo, anayehakikisha kila teki inafanana na iliyotangulia, alikuwa na daftari lake na picha za kila teki: "Kaka, uliuma cha pili kwenye neno 'miezi', na ulikuwa umeshika kwa kushoto." Wakaniletea ndoo ya kutemea. Teki ya 14 nilikuwa natokwa na machozi ambayo hayakuandikwa kwenye skripti. Siku nyingine watazame wazoefu kwenye sini za mezani: wanakata, wanachanganya, wananyanyua uma, wanaurudisha sahani ukiwa na kitu kile kile. Chakula hakifiki mdomoni ila pale kinapotakiwa kabisa.

Jambo la pili ambalo hakuna aliyenidokeza ni zamu za kamera. Shoti za karibu za steringi mara nyingi hutangulia, uso wake ukiwa bado mbichi. Wewe unasimama pembeni ya kamera unampa laini zako kwa moyo wote ili naye aigize vizuri. Ikifika zamu yako, jua linazama na steringi ameshaondoka kwenda kubadilisha nguo. Sini yangu bora kuliko zote, ile ambayo watu wananisimamisha mpaka leo kuniambia niliwaliza, nilikuwa naagana na mwanangu anayekwenda vitani. Mwanangu alikuwa kipande cha gundi nyekundu kilichobandikwa kwenye stendi ya taa, usawa wa macho. Laini zake alizisoma kijana wa skripti, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya vifaa. Nikaiaga ile gundi. Kama unadhani kazi ya msaidizi ni usteringi uliopunguzwa dozi, jaribu kuipa mkono wa kwaheri gundi.

Sasa nije kwenye kinachokuuma hasa: kukaririwa. Yule mwenye nyumba wa viazi aliniganda miaka mitatu. Simu zote zilikuwa mwenye nyumba, mdai, mtu wa mikopo, mjomba anayegombea urithi. Uso wangu ukawa uso wa mtu anayedai. Nilikasirika kama wewe, nikakataa kazi mbili, na matokeo yake nilikaa nyumbani miezi minne. Kilichonitoa ni filamu fupi ya wanafunzi, bila malipo. Nilikuwa fundi cherehani mwoga, asiyeweza kumwambia mteja kwamba nguo yake haijaisha. Nikakata kipande cha sekunde 40, fundi akitafuta maneno huku anakunja na kukunjua futi yake, nikawa nakituma kila nilipopigiwa kuwa mdai. Wa tatu kukiona akasema ana nafasi ya kasisi.

Mtu ambaye huwa namtazama kwenye hili ni J.K. Simmons. Mwaka 1997 alikuwa kwenye tamthilia mbili za Marekani. Kwenye Oz, ya gerezani, alikuwa Schillinger, mfungwa mbaguzi wa rangi ambaye ukimwona unataka kuzima runinga. Kwenye Law & Order alikuwa Skoda, daktari wa akili anayeitwa na waendesha mashtaka kuwapima watuhumiwa, mtulivu, mwenye kejeli kidogo. Upara ni ule ule, sauti ni ile ile. Nadhani ndiyo bahati kubwa aliyoipata, maana Schillinger peke yake angemla mzima mzima. Baadaye, mwaka 2002, akawa mhariri mfoka kwenye Spider-Man, na mwaka 2007 baba wa Juno kwenye filamu ya jina hilo, anayepokea habari za mimba ya binti yake bila kupandisha sauti. Katikati ya hayo akawa pia sauti ya ile M&M ya njano kwenye matangazo ya pipi. Mwaka 2015 akachukua Oscar ya mwigizaji msaidizi kwa mwalimu katili wa muziki kwenye Whiplash, akiwa na miaka 60. Chuoni alikuwa amesomea muziki, kwa hiyo ile mikono inayoongoza bendi haikuwa ya kubahatisha. Zingatia tuzo yenyewe ni ya nini: usaidizi.

Kuna anayeweza kukujibu kwamba Simmons ni mmoja kati ya maelfu. Ni kweli. Lakini hata wasiopata tuzo wana njia zao, na njia hazifanani. John Cazale aliigiza filamu ndefu tano tu, kati ya 1972 na 1978, na zote tano ziliteuliwa kuwania Oscar ya filamu bora. Alifariki kwa saratani kabla ya ya mwisho haijatoka. Harry Dean Stanton ni kinyume chake, alipita kila mahali: muvi za makauboi, za magereza, za anga za juu, za mapenzi ya vijana. Mtazame kwenye Alien ya 1979. Ni fundi wa chombo cha angani, mistari yake haba, na karibu kila anachoambiwa anaitikia kwa neno moja lenye maana ya "sawa", mpaka mwenzake mmoja analalamika kwamba huyu kila kitu ni "sawa", naye anajibu "sawa". Mwigizaji mwingine angelia kwamba hana mistari. Yeye kwa neno hilo moja anakuonyesha mfanyakazi aliyechoka, anayewaza posho yake tu.

Stanton alisubiri mpaka 1984, akiwa anakaribia miaka 58, ndipo akawa steringi kwenye Paris, Texas, filamu iliyochukua tuzo ya juu ya tamasha la Cannes mwaka huo. Na sehemu ndefu ya mwanzo hasemi neno lolote, anatembea tu. Unaona utani ulivyo? Mtu anapewa usteringi, wanamnyang'anya maneno, na anaumudu, kwa sababu miaka yote alikuwa akiishi kwa maneno machache. Baada ya hapo alirudi kwenye nafasi ndogo bila kinyongo. Roger Ebert, mhakiki wa filamu wa Chicago, alikuwa na kanuni yake kwamba filamu yenye Stanton au M. Emmet Walsh kwenye nafasi ya usaidizi haiwezi kuwa mbaya yote. Baadaye akakiri kuna moja ya 1989 imeivunja.

Kuhusu heshima, usitegemee sana. Oscar za wasaidizi zilianza na filamu za 1936, na miaka ya mwanzo washindi walipewa kibao cha ukutani badala ya ile sanamu. Walter Brennan alishinda mara tatu ndani ya miaka mitano ya mwanzo, vibao vitupu. Thelma Ritter aliteuliwa mara 6 na hakuondoka na kitu. Nami nina yangu. Kuna kampuni, siitaji, niliifanyia kazi siku nne kama mwalimu mkuu. Nikawaambia ndugu wote, mke wangu akaalika na majirani. Tukakaa saa mbili tukimsubiri mwalimu mkuu. Alionekana mgongo wake, akifunga dirisha. Hadithi ilikuwa imehaririwa upya, shule haikuhitajika tena, na hakuna aliyekumbuka kunipa taarifa. Jirani mmoja kwa upole akasema, "Umelifunga vizuri."

Kitu ambacho masteringi hawakipati ni jinsi watu wanavyotufahamu. Jina hawalijui, ila wana hakika tulishakutana. Mwaka juzi mama mmoja alinishika mkono kwenye foleni akanishukuru kwa kumhudumia marehemu mumewe, akasema nilikuwa daktari pekee aliyemweleza ukweli. Mimi ni daktari wa tamthilia, vipindi vitatu. Nilitaka kumsahihisha, nikashindwa. Nilimwambia pole, akaondoka. Hilo bado linanisumbua, sijui kama nilifanya vizuri.

Kwa hiyo huyo mjomba wa mistari minne, mimi ningemchukua. Uliza kwanza mambo matatu kabla hujakubali: ni siku ngapi, wanalipa lini, na sini zako zipo kwenye lokesheni moja na steringi au umetengwa peke yako, maana ukitengwa ndiyo rahisi kukatwa. La malipo liwe kwenye maandishi, hata kwa ujumbe wa simu. Mimi kwenye hilo nimedhulumiwa mara mbili, zote na watu waliokuwa wakiniita "ndugu yangu". Ukienda seti usiende na vituko kumi. Beba kimoja kidogo ambacho utaweza kukirudia teki 14 bila kuumwa tumbo. Na kama ni mjomba wa tano, mpe kitu ambacho wale wanne hawakuwa nacho: pengine huyu hasikii vizuri sikio moja, au anamwogopa shemeji yake.

Hizo laini nne umeshapewa? Zibandike hapa chini na useme kabla yake kumetokea nini kwenye hadithi. Kesho niko seti mpaka jioni, mimi ni jaji. Nikirudi tutaziangalia.