Hamsta Akiguguna Waya Usiku Kucha, Chunguza Kizimba

Miezi minne ya mwanzo nilidhani Pamba, hamsta wangu, mnyama mdogo wa jamii ya panya, anacheza. Kila usiku, taa zikizimwa tu, anasimama kwa miguu ya nyuma kwenye kona ileile, anauma waya na kuanza: kwaru, kwaru, kwaru, mpaka karibu alfajiri. Wageni walicheka, nami nikacheka nao. Kumbe mwenzangu alikuwa anatafuta njia ya kutoka. Siku niliyomshika mkononi nikaona manyoya ya juu ya pua yamenyonyoka, kicheko kikaniishia.

Kizimba chake kilikuwa cha ghorofa tatu, chenye mabomba ya rangi, ngazi na gurudumu la kukimbilia, dogo kama sahani ya kikombe. Ukikitazama unaona kasri. Lakini ghorofa zinatufurahisha sisi tu. Hamsta haoni vizuri, kimo hakipimi, na akidondoka kutoka juu anaweza kuvunjika mguu. Anachotaka ni uwanja wa kukimbia na kitu cha kuchimba. Pamba ni wa aina ya Siria, ile kubwa, na hamsta wengi wa aina hii wanaofugwa leo ni uzao wa watoto waliochimbuliwa shimoni pamoja na mama yao karibu na Aleppo, nchini Siria, mwaka 1930. Porini shimo la hamsta kama huyu hupita nusu mita kwenda chini. Mimi nilimtandikia sentimita 4 za maranda juu ya plastiki, halafu nikashangaa kwa nini hatulii.

Kwa hiyo anza na sakafu. Chukua sentimita 100 kwa 50 kuwa ndio mwanzo, na ukipata zaidi usisite. Hesabu sakafu moja isiyokatika, usijumlishe vighorofa. Si lazima kiwe kizimba cha kununua. Kabati la vitabu lililolazwa chali linafaa, sanduku kubwa la plastiki ulilokata mfuniko ukatia wavu wa waya linafaa pia. Mimi nilichukua tangi la samaki lililokuwa linavuja, la urefu wa sentimita 120. Juu nikafunika kwa wavu, maana kioo hakipitishi hewa na hamsta ni fundi wa kutoroka. Ukibaki na kizimba cha waya, hakikisha nafasi kati ya waya na waya haifiki sentimita 1, hasa kwa hamsta wa aina ndogo. Kichwa kikipita, mwili nao umepita.

Kisha kina. Hapa ndipo wengi tunabania, na hapa ndipo nilipoona mabadiliko makubwa. Jaza sentimita 25 hadi 30. Mimi nachanganya karatasi laini ya kutandikia wanyama na nyasi kavu, tabaka kwa tabaka, huku nikishindilia kwa kiganja. Nyasi zinafanya kazi ya fito kwenye ukuta wa udongo. Bila hizo handaki linabomoka kabla hajageuka. Maranda ya mwerezi yaache, mafuta yake yanawasha mapafu. Vilivyotiwa manukato viache pia. Na ingawa jina lake ni Pamba, pamba yenyewe haingii humo: nyuzi zake humzonga miguu, na akizimeza zinamziba tumbo.

Kosa langu la kwanza baada ya hapo lilikuwa nyumba ya kauri. Niliiweka juu ya matandiko, nzuri kweli, nzito kweli. Usiku wa pili tangu niiweke akachimba chini yake ikadidimia yote. Bahati alikuwa kwenye gurudumu. Tangu hapo kitu kizito nakisimamisha kwenye sakafu ya tangi kwanza, au juu ya kijukwaa chenye miguu inayogusa chini, ndipo najazia pembeni.

Gurudumu lenyewe: kipenyo cha sentimita 28 kwa wa Siria, 20 kwa wale wadogo. Mtazame akikimbia. Mgongo ukipinda kama upinde, ni dogo. Na liwe na njia nzima ya kukanyagia, si vijiti, kwa sababu mguu hupenya katikati yake. Muwekee pia bakuli la mchanga mkavu, usiwe vumbi. Huoga humo, na wa kwangu amelifanya choo, jambo lililonipunguzia kazi sana. Tangi lisikae juani wala karibu na televisheni. Masikio yake yanasikia sauti tusizozisikia sisi. Na wa Siria hakai na mwenzake, hata ndugu yake wa tumbo moja.

Nilipomhamishia, alipotea siku tatu. Chakula kinapungua, mwenyewe haonekani. Mkono uliniwasha nimfukue. Usiku wa tatu nikamulika tochi pembeni mwa kioo, nikaona chumba cha duara kama yai, na Pamba ndani mashavu yamefura. Alikuwa anatoa mbegu za alizeti moja moja, anazisukuma ukutani kwa viganja, anazipanga. Ile kwaru kwaru sijaisikia tena.

Zamani nilikuwa namwaga kila kitu kila wiki na kusugua kwa sabuni, nikidhani ndio usafi. Ni sawa na kumvunjia mtu nyumba kila Jumamosi. Sasa natoa kona iliyolowa tu na chakula kibichi alichoficha kabla hakijaoza. Wiki kadhaa zikipita ndio nabadilisha sehemu ya matandiko, mengine nikiyaacha yawe na harufu yake. Kasri la ghorofa tatu bado ninalo: namtia humo dakika chache ninapopanga upya tangi, na kila mara anakwenda moja kwa moja kwenye ile kona.