Nimeitwa usaili wa udaktari, ninunue madesa?

SWALI: Assalaam alaykum dokta. Mie nipo Wete, Pemba, nimemaliza intenshipu na nimeitwa usaili wa maandishi wa madaktari wa serikali, nimebakiza wiki tano. Kuna grupu la WhatsApp wanauza pepa za miaka ya nyuma na majibu yake kwa elfu hamsini, na mmoja humo anasema anayo hata pepa yenyewe ya safari hii. Wenzangu washanunua. Na mie ninunue nikariri au nifanyeje?

JIBU: Waalaykum salaam mdogo wangu. Elfu hamsini yako iweke nauli ya boti. Kila zikitangazwa nafasi swali hili naletewa na kila mara roho inaniuma, si kwa wewe unaeuliza, kwa hao wanaouza.

Namna ya kusoma sikufundishi, mtu alomaliza skuli ya udaktari na mwaka mzima wa wadi anajua kusoma. Kinachoniudhi ni hii imani kwamba pepa ya ajira inapima nani amekariri zaidi. Chukua kifafa cha mimba. Kwenye desa, yaani hizo pepa na majibu yake, utakuta magnesiamu salfeti gramu 4 mshipani taratibu, gramu 10 msulini, tano kila tako, halafu gramu 5 kila baada ya masaa manne. Sawa kabisa, hakuna anaebisha. Sasa mtunga swali anakuletea mama yule yule, masaa manne yashafika, lakini anapumua mara 10 kwa dakika, goti ukiligonga halishtuki, na mfuko wa mkojo karibu mtupu. Ufanye nini? Alokariri anachagua gramu 5 mbio mbio kwa sababu macho yake yameona neno "masaa manne", na kwa hilo mgonjwa anakufa. Hizo ni dalili kwamba dawa imemzidi, jibu ni kusimamisha dawa, kumsaidia kupumua, na kumpa kalsiamu glukoneti gramu 1 mshipani polepole. Dozi anaijua kila mtu, tunachotafuta ni nani anajua wakati wa kutoitoa.

Halafu madesa yanaoza. Nimeshayaona yanayozunguka, bado yameandika artesuneti ya malaria kali miligramu 2.4 kwa kilo kwa kila mtu, wakati WHO walibadilisha tangu 2015, mtoto wa chini ya kilo 20 anapewa miligramu 3 kwa kilo. Mtoto wa kilo 14 ni miligramu 42, kwa desa unampa kama 34, yaani unampunja dawa mtoto aliyezimia, na swali pia umekosa. Na mengi yametoka Bara, watu wanabadilisha kichwa cha juu tu wanaandika Zanzibar. Kwa malaria ya kawaida sisi tulianza na artesuneti na amodiakwini 2003, wenzetu wa Bara wakaja kuingia kwenye ALu, yaani artemeta na lumefantrini, 2006, mwongozo haukuwa mmoja, sasa wewe unakariri jibu bila kujua limetoka upande gani wa bahari. Fungua mwongozo wa Wizara ya Afya ya Zanzibar unaotumika sasa hivi, ndio huo huo utaufanyia kazi ukishapangiwa kituo.

Wiki tano zinakutosha. Pepa ya zamani ukiipata bure ifanye, lakini weka saa mbele, na kila swali jiulize yale majibu matatu mengine yamekosea wapi, na hali gani ya mgonjwa ingeyafanya yawe sawa. Hapo ndipo pa kukaa hata usiku mzima. Kumbuka wagonjwa wako wa intenshipu, yule mama alovuja damu baada ya kujifungua, yule mtoto mchanga alozaliwa halii, useme kwa mdomo dakika ya kwanza ulifanya nini na kwa nini. Tafuta mwenzio mmoja hapo Wete au Chake muulizane kwa sauti, maana ukivuka maandishi kuna mahojiano na kule hakuna a, b, c, d.

Ama huyo anaesema ana pepa ya safari hii, naujua mchezo wake hata kama simjui sura. Kwanza tuma nusu, kisha kuna bosi anataka chake, kisha simu haipatikani. Kijana mmoja alonijia analia alishatoa laki mbili, alichotumiwa ni maswali ya wauguzi yaliyokatwa kichwa cha karatasi. Na hata ingekuwa pepa ya kweli, jamani, hiyo ni mali ya wizi, ikigundulika hukosi kazi tu, unajiharibia jina hata kwa baraza linalokupa leseni, miaka yote ya skuli inakwenda kwa elfu hamsini. Siku hizi hawauzi pepa tu, kuna wanaouza nafasi, wanaouza vyeti vya kozi za siku mbili, na wanaowapigia mpaka wazee wenu kijijini kwamba faili la mtoto limekwama. Waambie wazazi wako mapema wasitume hata shilingi. Grupu hilo toka leo, ila ule ujumbe wake usiufute, upige picha na namba yake ionekane, upeleke ZAECA, mamlaka ya kupambana na rushwa Zanzibar.